Antena Iliyofungwa Upande

Kaltiokoski, 9 Novemba 2003

Mdogo wangu Rauno,

Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, maana wamezima mabomba ya joto katika vyumba vyote vya shule ila changu. Ndiyo, shule. Halmashauri imenipa darasa letu la tatu, lilelile ulilojikojolea siku ya ukaguzi. Dawati lako halipo tena, usihangaike kuja kuliomba.

Nje wamesimamisha bango kubwa la buluu: KIJIJI CHA UVUMBUZI CHA KALTIOKOSKI. Chini yake kuna nafasi kumi na nne za majina ya kampuni. Jina langu liko juu kabisa, na nafasi kumi na tatu zilizobaki ni tupu. Mwenyekiti wa halmashauri alikata utepe akasema kampuni moja huvuta nyingine, na kwamba kama Oulu waliweza, na sisi tutaweza. Watu kumi na mmoja walipiga makofi, kisha wakakimbilia kahawa.

Makubaliano ni haya. Jengo ni langu hadi mwisho wa Aprili 2005. Mwezi Machi mwaka huo watunza barabara ya barafu, ile inayopita juu ya ziwa lililoganda, watakuja kukijaribu kipimo changu cha rada. Kikisoma unene wa barafu sawasawa bila kutoboa tundu, watakinunua, na mimi nitaajiri watu ishirini katika mji ambao haujaajiri mtu tangu kiwanda cha viatu kifungwe. Kisiposoma, halmashauri inafunga jengo na mimi nafunga kampuni. Kwa sasa nina watu watatu: kina mama wawili waliotoka kiwandani, na Tauno Piirainen, yule aliyekuwa mtunza shule. Bado ana funguo zote kiunoni. Tauno hajui rada ni mdudu gani, lakini mkono wake kwenye lehemu umetulia kuliko wa mainjinia wenu wote.

Naandika kwa mkono kwa sababu sitaki wazo langu lipite kwenye nyaya. Unajua nilivyofanyiwa. Alhamisi ile nilisema pale mezani, kwenye kantini yenu ya Oulu, kijiko mkononi, kwamba saketi yangu inapiga kelele ikipata baridi na kwamba nashuku gundi. Miezi mitatu baadaye Marketta Juvonen wa ofisi ya jirani akatoa kifaa kisichopiga kelele, hakina gundi hata tone. Akanishukuru mbele za watu! Asante, kana kwamba nimempisha mlangoni. Nyinyi mnaita ujirani. Mimi naita wizi, na sitakula supu na wezi tena.

Usimwambie mtu ninachofanya.

Dada yako,
Virpi


Linnanmaa, Oulu, 20 Novemba 2003

Dada Virpi,

Nilijikojolea mara moja tu, na ukaguzi wenyewe ulikuwa mrefu. Miaka thelathini imepita. Nisamehe sasa.

Hapa mambo ni yaleyale. Kampuni thelathini na saba changa ndani ya majengo manne. Ukipiga chafya ghorofa ya kwanza, ghorofa ya tatu wanakutakia afya. Wiki iliyopita alikuja mtafiti kutoka Helsinki, mama mmoja mwenye miwani na karatasi nyingi. Anataka kujua kwa nini hataza, vile vyeti vya uvumbuzi, nyingi hivi zinatoka mahali unapoweza kupazunguka kwa miguu kabla kahawa haijapoa. Alizunguka kila ofisi, na kila ofisi ikamjibu neno moja: supu. Akaandika, uso umekunjamana. Nadhani alifikiri tumepanga kumtania.

Lakini ndivyo ilivyo, na wewe unajua. Alhamisi saa tano, ile meza ndefu ya kantini, supu ya njegere, haradali, pankeki na jemu. Kila mtu anasema kilichomshinda wiki hiyo. Ukianza kujisifu wanagonga vijiko mpaka unyamaze. Ulichosikia ni chako, kitumie upendavyo. Ila hukitoi nje kumpa asiyekaa mezani, kwa sababu yeye hajaweka chake. Nilishikana mikono na watu kwa ahadi hiyo, na wewe pia ulishikana.

Njoo Alhamisi moja. Moja tu, dada. Basi la asubuhi litakufikisha kabla chungu hakijakauka. Usiniulize kwa nini. Njoo, kaa, sema kimoja kinachokushinda, halafu sikiliza.

Kwenye kampuni yetu si kuzuri. Tumebaki watu watano na mteja mmoja asiyepokea simu. Alhamisi tatu mfululizo sijawa na la kusema, maana sina kazi ya kunishinda. Wananipakulia bado, lakini nikifungua mdomo hakuna anayeinua macho. Siku si nyingi nitakula peke yangu kwenye gari.

Rauno


Kaltiokoski, 2 Februari 2004

Rauno,

Hapana, sitakuja. Unaniita kwenye sahani ya watu walioniibia, halafu hutaki hata kusema sababu. Marketta kakutuma? Kama ni yeye, mwambie gundi imekwisha.

Na mimi nina yangu. Kipimo kinaruka. Tunafanya kazi hivi: Tauno anaivuta sleji kwa pikipiki ya theluji mpaka katikati ya ziwa, antena imefungwa juu yake ikitazama chini, mimi nimekaa ndani ya gari ufukweni na skrini yangu. Kipimo kinaniambia unene. Kisha Tauno anatoboa kwa keekee, anapima kwa fimbo yenye ndoano, ananiletea namba kwenye daftari. Jumatatu namba zinalingana hadi sentimita. Jumatano tunarudi mahali palepale, mimi nasoma kumi na mbili, daftari la Tauno linasema arobaini na nane. Nimebadilisha betri. Nimebadilisha waya. Nimeisuka saketi upya nikiwa na glavu.

Nikuchekeshe kidogo. Siku moja tu kati ya zile mbaya kipimo kilitulia kama mtoto aliyeshiba, mahali palepale kilipokuwa kikiruka. Nikashangilia peke yangu garini. Tauno aliporudi naona antena imelala upande kama kofia ya mlevi! Kamba ilikuwa imeganda, akaifunga alivyoweza. Nilimgombeza mpaka masikio yakamwiva. Nimemnunulia pimamaji, na sasa haondoki ufukweni kabla sijaona kipovu kimekaa katikati. Kipimo kimerudi kuruka. Yaani ile siku ilikuwa bahati tu ya kunidhihaki.

Kina mama wanakusalimu. Nafasi kumi na tatu bado ni tupu.

Virpi


Oulu, 12 Februari 2004

Dada,

Nimecheka sana na kofia ya mlevi. Hivi Tauno aliifunga ikilalia upande gani, kulia au mbele? Na ililala kiasi gani? Naulizia utani wangu tu, nataka nimwone vizuri kichwani.

Supu ya leo ilikuwa na chumvi nyingi.

Rauno


Kaltiokoski, 20 Februari 2004

Rauno,

Swali la ajabu, lakini afadhali swali kuliko kimya. Ililala mbele, zaidi kidogo ya nusu ya njia kuelekea kulala kabisa. Tauno ameniambia digrii hamsini, amepima kwa kona ya rula ya shule. Bado amenuna. Alijibu namba akaondoka.

Unajua, ni wewe peke yako ninayekuandikia habari hizi. Kuna siku namaliza juma zima sijatamka neno la kazi kwa mtu anayeweza kulielewa. Ukumbi wa mazoezi una mwangwi. Nikitembea pale nasikia kama kuna mwingine anakuja, nageuka kumtazama. Sikosei kuwa hapa. Wazo langu ni salama. Lakini nimechoka, mdogo wangu, na sitamwambia hivyo mtu mwingine.

Virpi


Oulu, 6 Mei 2004

Dada Virpi,

Ni vigumu kuandika hili, basi naliandika haraka. Kampuni yetu imekufa. Nimepata kazi kwingine, na huko kwingine ni kwa Marketta Juvonen. Alinifuata mwenyewe baada ya Alhamisi moja ambayo, kwa mara ya kwanza tangu vuli, nilikuwa na la kusema.

Usikasirike. Ana kicheko kikubwa na anakumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Anakuulizia. Anasema meza haijakaa sawa tangu uondoke.

Bado nasema njoo.

Rauno


Kaltiokoski, 1 Desemba 2004

Rauno,

Miezi saba sijakujibu, na ningeweza kwenda hata saba mingine, maana nilikasirika hasa. Lakini nimejikuta nazungumza na kabati la ramani, na hilo kabati halijibu.

Kiangazi alikuja kijana mmoja wa kufuma soksi kwa manyoya ya mbwa, akachukua chumba cha tano. Nilifurahi kama mjinga, nilimwokea rönttönen, vile vimkate vyetu vya viazi na matunda, nikamwonyesha mahali pa jina lake kwenye bango. Tulikaa wiki sita. Yeye hakuelewa rada, mimi sikuelewa mbwa. Akaenda zake Oulu. Halmashauri inasema tutangaze zaidi. Tutangaze nini? Kwamba kuna nafasi?

Nimejaribu kila kitu. Nimepanga majaribio mia mbili na sita, siku za baridi kali, siku za jua, kabla na baada ya theluji. Kipimo kinakosea zaidi baada ya theluji nzito, hilo tu ndilo ninalojua. Najua jibu ni dogo. Naliona linavyonikwepa, kama mtu anayekupita dukani akijifanya hajakuona.

Majaribio ni tarehe kumi Machi. Kwetu mtu hamwulizi mwenzake asichotaka kusema, tumelelewa hivyo wote wawili. Lakini nimefika mahali pa kuuliza. Je, kuna mtu pale mezani aliyewahi kusema kitu kuhusu barafu? Kuna kitu chochote unachokijua? Kama kipo niambie, Rauno. Nakuuliza kama dada.

Virpi


Oulu, 4 Januari 2005

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Huku ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, gari la Marketta halikuwaka, tukalisukuma watu sita. Mke wangu ameanza kuimba kwaya. Mtoto ameng'oka jino la mbele.

Uliniuliza, nami nimekaa na barua yako mwezi mzima. Nilishikana mikono na watu, dada. Ungekaa hata dakika kumi, wenyewe wangekuambia kabla pankeki haijaja. Njoo Alhamisi ya tarehe ishirini. Nitakuja kukusubiri kituo cha basi.

Rauno


Kaltiokoski, 13 Machi 2005

Rauno,

Sikuja tarehe ishirini, unajua. Nilisoma barua yako nikaona mtu anayetikisa funguo za ghala mbele ya mwenye njaa. Nilisema potelea mbali, nitafika mwenyewe.

Sasa sikiliza nilikofika. Tarehe kumi walikuja watunza barabara wanne, na mwenyekiti na kofia yake ya manyoya, na mwandishi wa gazeti. Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu. Antena imenyooka, kipovu katikati, mimi mwenyewe nilikagua. Kipimo kikasoma sentimita kumi na mbili. Mkuu wao akasema, "Mama, kama ni kumi na mbili, basi lori la maziwa lililopita hapa asubuhi lina mabawa." Wakacheka wote. Kisha akachukua keekee yake, akatoboa mbele ya macho yangu.

Mwaka mmoja na nusu, na sikuwahi kusimama kando ya lile tundu. Mimi ni wa skrini, Tauno ni wa keekee. Keekee iliingia kwenye barafu, ikazama ghafla, maji yakabubujika, kisha ikauma tena barafu nyingine chini yake. Jumla sitini na moja. Theluji inaikandamiza barafu, maji yanapanda juu, yanaganda usoni tu, na katikati yanabaki maji. Mawimbi yangu yanagonga yale maji yanarudi, kama yamegonga bati. Rauno, nilielewa kabla hajaichomoa keekee. Nilielewa kwa pumzi moja, nikiwa nimesimama pale mikono mitupu.

Wakaondoka. Mwenyekiti alinipa mkono kama msibani.

Nikamgeukia Tauno. "Ulijua kuna maji katikati?"

"Nani asiyejua?" akasema. "Navua samaki hapa tangu nina miaka sita."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Uliniambia nikuletee namba, nikakuletea namba." Akazungusha funguo zake kiunoni. "Na ile mara moja nilipokuletea kitu kingine uliniponda, bibi."

Virpi


Oulu, 21 Machi 2005

Dada Virpi,

Nitasema yote, kisha ufanye unavyotaka.

Habari ya maji niliijua tangu Septemba 2003, kabla hujafungua hata boksi moja pale shuleni. Bwana mmoja anayepima theluji aliisema mezani: maji yaliyo kati ya barafu mbili yanazuia mawimbi, na hakuna aliyejua namna ya kuyapita. Nilitaka uje uisikie. Mwanzoni nilinyamaza kwa sababu ya ahadi. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilidhani mtu mwenye akili zako ameshaiona, na kukuambia ni kukutukana. Mwishoni nilinyamaza kwa sababu ya uoga tu.

Uoga wa nini, nao ni huu. Februari ile, Alhamisi yangu ya kumi na nne bila la kusema, barua yako ilikuwa mfukoni. Zamu ikanifikia. Nikasema: kuna fundi mmoja kijijini alifunga antena upande kwa sababu kamba iliganda, na kipimo kikasoma sawa. Wakacheka. Kisha bwana wa theluji akaacha kucheka. Kisha Marketta akaweka kijiko chini akaniuliza, "Upande kiasi gani?" Ndipo nilipokuandikia. Mawimbi yakiingia kwa mshazari ule, dada, sehemu kubwa inapenya maji badala ya kurudi. Walikuwa na tatizo bila ufumbuzi, wewe ulikuwa na ufumbuzi bila tatizo, na mimi nilikuwa nimekaa katikati na vyote viwili.

Sheria ya meza inakataza kutoa. Haikatazi kuleta. Nimeyarudia maneno hayo moyoni mwaka mzima na hayajawahi kunisaidia kulala.

Kipimo cha Marketta kitatoka mwezi ujao. Nimemwambia wazo ni lako. Anasema njoo, kiti kipo, na jina lako litaandikwa kwenye hataza karibu na lake. Anasema kweli, namjua. Tafadhali njoo.

Rauno


Kaltiokoski, 2 Mei 2005

Rauno,

Nilipoondoka Oulu niliogopa kitu kimoja, kwamba mtu angelichukua neno langu mezani na kulifanya lake. Nilihama kilomita mia na themanini, nikaacha kutumia nyaya, nikaandika kwa mkono, na nikamwandikia mtu mmoja tu duniani. Nakuchukia kwa hilo. Naliandika wazi ili usije ukafikiri baadaye kwamba ulisoma vibaya.

Lakini sina hata raha ya kukuchukia kikamilifu. Kama ungefunga mdomo wako, kipimo hakingekuwapo popote, si kwenu wala kwangu. Mimi nilikuwa na kijiji changu cha watu wanne, na mmoja wao alijua habari ya maji tangu ana miaka sita, na sikuwahi kumwekea hata sahani. Kahawa walikunywa wao jikoni, mimi nilikunywa mbele ya skrini. Hilo halikufanywa na Marketta wala na wewe.

Sitakuja. Umechelewa, na mimi nimechelewa. Kina mama nimewaaga Alhamisi; mmoja anakwenda kwa binti yake Uswidi, mwingine hakusema anakwenda wapi. Mabomba ya joto yamezimwa leo asubuhi. Halmashauri imeuza madirisha. Bango linabaki, kwa sababu kuling'oa kunahitaji mashine ambayo hawana, lakini Tauno alipanda ngazi akafungua skrubu za bati langu, akanipa mkononi. Sasa nafasi kumi na nne zote ziko sawa.

Watunza barabara wameagiza kipimo cha Oulu. Mkuu wao alipita kuchukua keekee aliyoisahau, akaacha kijitabu chake cha matangazo mezani. Hakuwa na nia mbaya, alidhani ningependa kuona. Kuna picha ukurasa wa kwanza: ziwa, sleji nyekundu, na antena juu yake, imelala mbele.

Tauno aliivuta ile picha karibu, akavaa miwani yake, akaitazama muda mrefu. Akaweka kidole juu ya antena.

"Huyu naye kafunga upande," akasema.

Akavua miwani, akanitazama kwa huruma kabisa, kana kwamba anamfikiria mtu mwingine aliyeko mbali, kwenye baridi, aliyeganda vidole.

"Aligombezwa?" akaniuliza.

Virpi